Mguu wa Kushoto Ukizeeka

Filamu ya My Left Foot inaishia kilimani. Christy Brown, mwandishi na mchoraji wa Dublin aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, yuko pale juu na mwanamke anayempenda. Mji umetandazwa chini yao na chupa ya shampeni imefunguliwa. Kisha maandishi yanatokea kwenye skrini kutuarifu kwamba wawili hao walioana mwaka wa 1972. Muziki unapanda, majina ya waigizaji yanapita, basi. Unafunga laptopu ukijisikia vizuri, hata unaona aibu kidogo kwamba asubuhi ulikuwa ukilalamika ati mgongo unakuuma kwa sababu ya kiti cha plastiki.

Kitu ambacho skrini haikuandika ni hiki: Christy Brown alifariki Septemba 1981, huko Uingereza, akiwa na umri wa miaka 49. Alisakamwa na chakula akiwa mezani. Filamu ilitoka 1989, miaka minane baadaye, kwa hivyo Jim Sheridan, mwongozaji wake, aliujua mwisho huo. Alichagua kilima.

Simlaumu. Kila msimulizi ana haki ya kuamua pa kunyamazia. Lakini uamuzi huohuo ukifanywa na kila mtu, kila mara, hiyo inakuwa desturi, na desturi ina kazi inayofanya. Nimekuwa nikitafuta filamu na vitabu kuhusu watu wenye mtindio wa ubongo kwa muda sasa, kwa sababu nitakazozieleza, na karibu vyote vina umri mmoja wa kufia. Mhusika hafi, hapana. Hadithi ndiyo inakufa. Mtoto anashinda, kijana anapendwa, halafu giza. Ukienda hospitalini nako utakuta kitu hichohicho: huduma zinakushika mkono hadi unapokaribia miaka 18, kisha zinakuachia. Hoja yangu ni kwamba haya mawili yanalishana. Tunasimulia CP kama jambo la watoto kwa sababu kliniki zake ni za watoto, na kliniki zinabaki za watoto kwa sababu hakuna anayeweza kumwona mtu wa miaka 40 mwenye CP, hata akifumba macho.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Mtindio wa ubongo ndilo jina la vitabuni. Hapa Kenya, mtaani na hospitalini, watu husema CP, na ndivyo nitakavyosema. Ni jeraha au hitilafu inayoupata ubongo ukiwa bado mchanga: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo. Mtoto anaweza kukosa hewa leba ikienda vibaya. Anaweza kupata umanjano mkali wa watoto wachanga usiotibiwa mapema, au homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Ubongo ukishaumia, unatuma maagizo yasiyo sawa kwa misuli. Misuli mingine inakaza, mingine inalegea, mingine inacheza yenyewe bila kuulizwa.

Madaktari watakwambia kwamba jeraha hilo halikui, na ni kweli. Shida ni vile sisi tunavyoisikia hiyo sentensi. Tunasikia "halikui" tunaelewa "imeisha." Jeraha halikui, lakini mwenyewe anakua. Misuli iliyokaza inavuta mfupa kila siku kwa miaka 30. Nyonga zinaweza kuhama mahali pake, uti wa mgongo ukapinda, viungo vikachakaa mapema. Watu waliotembea wakiwa watoto huanza kushindwa kutembea wakiwa watu wazima, katika umri ambao wenzao wanaanza kukimbia mbio za nusu marathoni. Maumivu na uchovu vinakuwa wageni wasioondoka. Na kumeza, kitu ambacho wewe na mimi hatukifikirii, ni kazi ya misuli pia. Kwa wengi wenye CP, koo linahitaji kuangaliwa na mtaalamu kama vile miguu inavyoangaliwa. Simfanyii marehemu Brown uchunguzi wa maiti. Nasema tu kwamba meza ya chakula ni mahali pa hatari kwa watu wengi kama yeye, na ile shampeni ya kilimani haitwambii hilo.

Sasa rudi nyumbani. Sisi hatuna My Left Foot yetu, lakini tuna aina yetu ya hadithi ya CP na unaijua vizuri. Ni ile ripoti fupi ya habari za saa moja. Kamera inaingia kwenye nyumba ya chumba kimoja. Mama amembeba mtoto mgongoni, mtoto ambaye miguu yake imeanza kuburuta chini kwa urefu. Kinanda kinalia taratibu. Mama anaeleza alivyoachwa na mume na vile majirani walivyosema ni laana. Sauti ya mwanahabari inateremka, inakuwa nzito: familia sasa inaomba wahisani na wasamaria wema. Nambari ya simu inatokea. Dakika tatu, na kesho kuna mtoto mwingine.

Mimi siipuuzi hiyo hadithi. Imenunua viti vya magurudumu, imelipia upasuaji, na kuna watu wako hai kwa sababu yake. Lakini itazame kama unavyotazama filamu. Mtu mwenye CP haongei. Hana utani, hana timu anayoshabikia, hana hasira. Mhusika mkuu ni mama, na sisi watazamaji ndio mashujaa, kwa sababu suluhisho liko kwenye simu zetu. Zaidi ya yote, lazima awe mtoto. Je, umewahi kuona ripoti kama hiyo kuhusu mwanamume wa miaka 45 mwenye ndevu, mkali kidogo, anayetaka mtu ampime mifupa? Huruma yetu ina umri. Kiti cha magurudumu kinachopatikana kwa mchango hupimwa kwa mtoto wa miaka tisa, na hakuna anayerudi na kamera kuona kama kijana wa miaka 19 bado anakaa ndani yake, magoti yakigusa kifua.

Nina binamu yangu mwenye CP. Ana miaka 29. Amenikataza kumtaja jina, akasema hataki kuwa paybill. Anaishi Dandora na shangazi yangu, na hufanya kazi kwa simu: anatengeneza mabango ya harusi, mialiko ya ruracio na matangazo ya mazishi, kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. CP yake ni ile inayocheza. Shingo yake haitulii, inageuka na kurudi, inageuka na kurudi, tangu nimjue. Tangu niache chuo mwaka wa pili nimekuwa nikiandika makala za kulipwa moja moja, kwa hivyo sisi wawili ndio tunaoshinda nyumbani mchana, na ndiye mtu ninayetazama naye filamu. Ni mkosoaji mbaya sana, kwa maana nzuri.

Tulipotazama My Left Foot, alimsifu Daniel Day-Lewis bila choyo. "Huyu jamaa ameigiza poa," alisema. Akakaa kidogo. "Lakini yeye ataamka atoke kwa hicho kiti."

Nilimsimulia kile ambacho kimesimuliwa mara nyingi kuhusu utengenezaji wa filamu ile: kwamba Day-Lewis alikataa kutoka kwenye kiti hata kamera zilipozimwa, akalishwa kwa kijiko, na kwamba kujikunja vile kulimvunja mbavu mbili. Hutajwa kama ushahidi wa kipaji chake, na tuzo ya Oscar aliyopewa 1990 ikaja kuthibitisha. Binamu yangu aliisikia kama taarifa ya daktari. Kama wiki chache za kukaa hivyo zinavunja mbavu za mtu mwenye mwili mzima, alisema, basi mtu aniulize mimi nasikia nini hapa. Alitaka kugusa shingo yake lakini mkono ukaenda kwingine.

Kitabu ni kigumu kuliko filamu, na nadhani wengi wanaokitaja hawajakisoma. Brown alikichapisha 1954 akiwa na umri wa miaka 22. Mama yake alizaa mara 22, na watoto 13 wakaishi. Kitabu kinajua umaskini, kinajua hasira, kinajua aibu ya kijana anayeanza kutambua vile wasichana wanavyomtazama. Na katikati yake kuna jambo ambalo kila anayetumia jina la kitabu hicho kama kauli ya kutia moyo angepaswa kulikumbuka. Daktari Robert Collis wa Dublin alimpeleka London kwa shemeji yake Eirene Collis, mtaalamu wa CP. Huyo mama alimwambia kwamba matibabu yanawezekana, ila kwa sharti moja: aache kabisa kuutumia mguu wa kushoto. Mguu ule ulikuwa unabeba kazi ya mwili mzima, na kwa kufanya hivyo ulikuwa unaukaza na kuukunja mwili uliobaki.

Soma hapo tena. Kile kiungo kilichokuwa mdomo wake, kalamu yake na brashi yake, ndicho mtaalamu alichosema kinamwumiza. Brown alijaribu kutii. Baadaye aliurudia mguu ule, na riwaya yake kubwa, Down All the Days ya 1970, aliiandika kwa vidole vyake. Huo ndio mgogoro halisi wa kitabu: je, uutumie mwili wako leo ukijua utaulipia kesho? Kila mtu mzima mwenye CP anaujua huo mgogoro. Binamu yangu anaujua kila anapoamua kama atamaliza bango la mteja au atapumzisha shingo. Filamu inaanza kwa kuutazama mguu ule ukiweka sahani ya santuri kwenye mashine, na kamera inaupenda, na sisi tunaupenda. Gharama yake inabaki kitabuni.

Lakini hata kitabu kina mpaka, na mpaka wake ni umri wa mwandishi. Mtu wa miaka 22 hawezi kutusimulia miaka 45. Na madaktari wenyewe? Wao ndio wangeendelea na hadithi. Tazama basi. William John Little, daktari wa upasuaji wa London, alichapisha 1862 maelezo yaliyohusisha uzazi mgumu na kukaza kwa viungo vya watoto, na kwa muda mrefu hali hiyo ikaitwa ugonjwa wa Little. Katika nchi hiyohiyo, NICE, taasisi inayowaandikia madaktari wa Uingereza miongozo ya matibabu, ilitoa mwongozo wa CP kwa watoto 2017, na wa watu wazima Januari 2019. Kutoka kwa Little hadi mwongozo wa watu wazima ni miaka 157. Na hiyo ni Uingereza.

Au chukua kipimo kinachotumika dunia nzima kueleza uwezo wa mtu mwenye CP wa kutembea, kinachoitwa GMFCS. Kina ngazi tano, na kilitungwa Kanada, 1997. Mwanzoni maelezo yake yaliishia umri wa miaka 12. Yalipopanuliwa 2007, yalifika miaka 18. Hapo ndipo yanapokoma. Watu wazima hupimwa kwa kipimo hicho vilevile, lakini maelezo ya umri wao hayamo. Yaani hata karatasi ya daktari ina kilima chake na shampeni yake.

Tuna methali inayosema samaki mkunje angali mbichi, na kwa kweli hiyo ndiyo falsafa nzima ya huduma za CP. Anza mapema: mazoezi ya viungo mtoto akiwa mdogo, viatu maalum, dawa ya kulegeza misuli, upasuaji kabla nyonga haijatoka. Sipingi hata neno moja. Huko Uswidi wana mpango unaoitwa CPUP, ulioanza 1994, unaofuatilia nyonga na viungo vya watoto kwa ratiba, mwaka baada ya mwaka, ili tatizo lionwe kabla halijawa maumivu. Hapa kwetu pia, hospitali ya CURE pale Kijabe imekuwa ikiwafanyia watoto upasuaji wa mifupa tangu 1998. Lakini methali haisemi samaki afanyiwe nini akishakauka. Waswidi waliona hilo na baadaye wakawaingiza watu wazima kwenye mpango wao, kwa sababu wale watoto wa 1994 hawakukubali kubaki watoto.

Binamu yangu ana faili ya kliniki yenye picha ya twiga kwenye jalada. Alikuwa akiibeba hadi alipofikisha miaka 17. Siku moja aliambiwa kwa upole kwamba sasa yeye ni mtu mzima, hapa ni kwa watoto, aende upande wa watu wazima. Upande wa watu wazima wakamwuliza alipata ajali lini. Alipoeleza, wakamwambia hiyo ni CP, arudi kwa watoto. Tangu hapo hajawa na daktari. Amekuwa na madaktari, wengi, mmoja kwa kila tatizo, na kila mmoja anaanza upya kama mtu aliyefungulia filamu katikati.

Miaka miwili iliyopita kidole chake cha kazi kilianza kufa ganzi. Halafu mkono. Shingo inayogeuka bila kupumzika kwa miaka 29 huchakaza pingili zake mapema, na pingili zikichakaa zinaweza kubana uti wa mgongo. Ni jambo linalojulikana katika CP ya aina yake. Likigunduliwa mapema, kuna la kufanya. Likichelewa, mikono inakwenda, miguu inakwenda, hata mkojo unakataa amri. Shangazi alimpeleka mahali wakapanga foleni kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Aliyewahudumia alimtazama, akatazama kiti, akamwambia shangazi, si yeye mwenyewe: "Mama, si alizaliwa hivi?"

Hilo swali linanirudisha kwenye filamu, kwa sababu kuna filamu moja iliyolijibu. Crip Camp ilitoka 2020, iko Netflix, imeongozwa na Nicole Newnham na James LeBrecht. Wengi huikumbuka kwa kambi ya vijana wenye ulemavu, Camp Jened, kule milimani New York mwaka wa 1971, na kwa jinsi baadhi ya vijana hao walivyokuja kuwa miongoni mwa walioikalia ofisi ya serikali San Francisco mwaka wa 1977, wiki baada ya wiki, hadi kanuni za haki zao zikatiwa saini. Mimi nakumbuka zaidi dakika chache za Denise Sherer Jacobson, mwanamke mwenye CP, akisimulia bila haraka jambo lililompata akiwa msichana mkubwa. Aliumwa na tumbo vibaya. Daktari akaamua ni kidole tumbo, akampasua, akakitoa. Kidole tumbo kilikuwa kizima. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kisonono. Daktari hakuwa amefikiria kuupima, kwa sababu hakuweza kuwaza kwamba mwanamke wa aina ile angeweza kulala na mtu.

Anasimulia akicheka. Tena kuna fahari kwenye kicheko: alikuwa ameishi kiasi cha kupata ugonjwa wa watu wazima. Lakini sikiliza kilichotokea kweli pale. Mwanamke alipasuliwa kwa sababu daktari hakuwa na hadithi inayomtosha. Alikuwa na hadithi ya mtoto kitini, malaika, asiye na mwili chini ya kiuno, na akapima kulingana na hadithi hiyo. Kisu kilifuata simulizi. Ndiyo maana nakasirika nikiambiwa ukosoaji wa filamu ni anasa na hospitali ndiyo jambo la maana. Yule daktari alikuwa mtazamaji kabla hajawa daktari. Na yule aliyemwuliza shangazi kama si alizaliwa hivi, pia ametazama habari za saa moja tangu utotoni.

Filamu ya tatu ninayotaka uitafute ni 37 Seconds, ya Kijapani, iliyoongozwa na Hikari, 2019. Jina linatokana na sekunde ambazo Yuma, mhusika mkuu, hakupumua alipozaliwa. Sasa ana miaka 23, anachora katuni za manga ambazo rafiki yake anatia jina lake na kujichukulia sifa. Yuma anaigizwa na Mei Kayama, ambaye ana CP mwenyewe, kwa hivyo hakuna kuamka na kutoka kwenye kiti. Mapema kabisa tunaona mama akimwogesha bintiye mtu mzima. Hakuna kinanda cha huzuni. Kuna maji, mgongo, mikono inayojua kazi yake, na ukimya wa wanawake wawili waliofanya jambo hili maelfu ya mara. Filamu inakataa kutwambia tumhurumie nani. Yuma anataka mapenzi, anataka kudanganya, anataka kulewa, anataka jina lake kwenye kazi yake. Binamu yangu aliitazama mara mbili katika siku moja, na kwa mtu anayenunua bando za saa, hiyo ni tathmini.

Hata hivyo aliona kitu ambacho mimi sikukiona. Alisema mwili wa Yuma hauumwi. Ana kiti, ana msaidizi, anasafiri hadi Thailand, na popote pale mwili unamfuata kama mzigo uliofungwa vizuri. Ni kweli. Hikari amempa uhuru wote isipokuwa ule wa kuzeeka. Na yule mama wa bafuni? Ongeza miaka 20. Nani anamwogesha nani? Shangazi yangu ana miaka 58 na diski ya mgongo imetoka, kwa sababu kubeba mtu mzima kutoka kitandani hadi kitini kila siku ni kazi ya winchi. Nyumba yao ina wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja, na mmoja wao hana CP.

Najua jibu linalonisubiri. Nchi hii haijawatosheleza hata watoto, mtu atasema, na wewe unataka kliniki ya wazee? Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu foleni za watoto nimeziona. Lakini hesabu yake ni mbovu. Kila mtoto anayeokolewa na mashine ya kupasha joto watoto wachanga, kila anayetibiwa degedege kwa wakati, kila anayefanyiwa upasuaji wa nyonga akaweza kukaa vizuri, atafika miaka 30. Ndiyo ilikuwa nia, sivyo? Mtu mzima mwenye CP ndiye ushahidi kwamba kliniki ya watoto ilifanya kazi. Kumwambia kwamba huduma yake imekwisha ni kama kumkabidhi mtu shahada halafu kumwambia chuo hakimjui. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Nimekisoma na kukirudia. Hakina umri.

Na anachohitaji hata si kikubwa vile hofu zetu zinavyokichora. Anahitaji daktari mmoja anayelijua faili lake lote. Anahitaji kupimwa mifupa, nyonga na shingo kwa ratiba, kabla ya ganzi. Anahitaji mtaalamu wa kumeza na kuzungumza, fizio asiyekoma siku ya kuzaliwa ya 18, kiti kinachopimwa upya mwili ukibadilika, na mtu wa kumwuliza yeye mwenyewe, siyo mama yake, kama ana maumivu na kama ana mpenzi. Zaidi ya hayo anahitaji barua ya kumkabidhi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Karatasi moja tu, inayosema: huyu anakuja, hizi ndizo habari zake, endeleeni.

Waandishi wenzangu, sisi nasi tuna karatasi yetu ya kuandika. Tumechoka na mashujaa, na sidhani watu wenye CP wanawahitaji. Mimi nataka riwaya ya Nairobi ambapo mwanamke wa miaka 46 mwenye CP amegombana na mwenye nyumba kuhusu maji, amechelewa, makanga amemtoza nauli ya watu wawili kwa sababu ya kiti, na anaelekea kliniki. Akifika anamkuta daktari wake, yuleyule wa mwaka jana na wa mwaka juzi. Daktari anamwuliza vile mkono wa kulia unaendelea. Anajibu kwamba uko vilevile. Daktari anaandika, anampa tarehe ya miezi sita ijayo, na mwanamke anatoka kwenda kununua mboga. Hakuna anayelia na hakuna anayepiga makofi. Mhariri atasema sura hiyo inachosha. Binamu yangu, ambaye picha ya MRI ya shingo yake bado tunaichangia pesa, alisema hiyo ndiyo hadithi ya kubuni kubwa kuliko zote alizosikia mwaka huu.